Kuku Aliyelalia Waru

Mtu akitaka kujua kama kuku wake ameanza kuatamia kweli au anajifanya tu, namwambia apenyeze mkono chini ya tumbo lake. Mkono ukitoka mzima, kuku huyo anajipumzikia. Ukitoka na alama ya mdomo, amekusudia. Kuku wangu wa kwanza aliniachia alama juu ya kidole gumba, na sikumkasirikia hata kidogo. Nilifurahi, nikaenda kumwonyesha mume wangu kile kidole.

Yeye hakufurahi. Tulikuwa tumeoana mwaka huo na tunaishi Timau, katika nyumba ya mbao kwenye shamba la ngano alikokuwa akitengeneza matrekta. Mimi nilifundisha shule ya msingi iliyokuwa karibu. Kuku huyo nilipewa na mama yangu siku niliyotoka kwetu Embu, na ndiye alikuwa kitu pekee nyumbani mle nilichoweza kukiita changu bila kumuuliza mtu. Alikuwa mweusi, mwenye kishungi, na tangu afike alikuwa akitupatia yai karibu kila asubuhi. Mume wangu aliyapenda mayai hayo kwa chai. Sasa kuku amevimba manyoya, ukikaribia boksi lake nyuma ya jiko anakukoromea, na mayai yamekwisha.

"Mtumbukize kwa maji baridi," mume wangu akaniambia. "Kwetu tulikuwa tunafanya hivyo. Anasahau mara moja."

Maji ya Timau hutoka mlimani. Ukinawa nayo asubuhi, wewe mwenyewe unasahau jina lako. Nikamwambia akitaka kumtia kuku wangu majini, atangulie yeye. Nilikuwa na ulimi siku zile. Bado ninao, ila umri umeupunguza makali.

Taabu ni kwamba sikuwa na mayai ya kumwekea. Hatukuwa na jogoo, na majirani zangu walifuga kuku wa gredi, wale wa kutaga mayai ya kuuza tu. Kumlaza kuku juu ya mayai yasiyo na mbegu ni kumdhulumu: atajinyima chakula wiki tatu halafu apate uvundo. Lakini kuku anayeatamia akikosa cha kukumbatia, naye hukata tamaa, akainuka akaenda zake. Kwa hiyo nilipokuwa nikiulizia mayai huku na huku, nilimpa waru. Nilichagua viazi vidogo, laini, nikaviosha, nikavipasha kidogo kwenye jivu ili visimtie baridi tumboni. Kuku akavitazama kwa jicho moja, kisha kwa lile jingine, halafu akaanza kuvivuta kimoja kimoja kwa mdomo mpaka vyote vikaingia chini yake. Jioni akavigeuza kama mtu anayegeuza chapati. Sijawahi kuona imani kama ile, hata kanisani.

Aliyeeneza habari hizo ni mama mmoja aliyekuwa akinunua waru kwetu na kuzipeleka soko la Meru. Aliingia jikoni kuomba maji, akaona kuku, akaona waru, akashika mlango kwa kicheko.

"Sasa hii kuku itaangua chipsi?" akaniuliza.

Nilijua hadithi hiyo ingefika sokoni kabla ya magunia. Na pale sokoni ndipo mama mkwe wangu, aliyeishi upande wa Nchiru, alikuwa akiuza ndizi. Wiki iliyofuata yule mama wa waru alirudi na ujumbe: "Mama mkwe wako anasema anakuja Jumapili. Anasema mumuwekee kuku."

Hapo nikakaa chini. Kimeru cha mama mkwe na Kiembu changu ni ndugu, lakini ni wale ndugu wanaoelewana nusu. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, ambacho hakuna kati yetu aliyekinyonya. Yeye alikiokota sokoni, mimi nilikipata shuleni. Nilimwogopa. Aliniita "Mwalimu", kwa heshima iliyonifanya nijione kama mgeni wa serikali. Sasa mtu wa namna hiyo akituma neno kwamba awekewe kuku, nani asiyejua maana yake? Kuku huwekewa mgeni ili amle.

"Ni huyu anataka," mume wangu akasema. "Alimwona alipokuja mara ya mwisho. Akamsifu."

"Tutanunua mwingine."

"Mama ameomba kuku anayemjua, halafu umpe wa sokoni? Atasema bibi yangu ni mchoyo."

Nilibishana naye mpaka chakula kikapoa. Mwisho nikasema sawa. Nikisema sawa ghafla hivyo, mtu mwenye akili angejiuliza. Hakujiuliza.

Jumamosi alipoenda kazini nilikwenda sokoni nikapata jogoo mwekundu, mrefu wa miguu, mzee wa kutosha kuitwa kwenye baraza. Nilimchinja, nikafukia manyoya yake nyuma ya choo, kisha nikaokota manyoya meusi kwenye boksi la kuku wangu na kuyatawanya mlangoni pa jikoni. Jua lilipozama nilimbeba kuku na boksi lake, waru na yote, nikamficha stoo nyuma ya magunia. Kuku anayeatamia ukimhamisha gizani hajui amehama. Mume wangu aliporudi akaona manyoya meusi, akanishika bega akaniambia pole. Nikainamisha uso. Nilikuwa nacheka.

Jumapili mchana mama mkwe alifika, akaketi na kikapu chake cha kiondo mapajani, hataki kukitua. Hata mume wangu alipotaka kumpokea alimpiga mkono. Tukaandaa mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, chapati na mchuzi. Mama akaomba dua ndefu, akafumbua macho, akaitazama sufuria.

"Hii ni kuku gani?" akauliza.

"Ni yule mweusi, mama," mume wangu akajibu kwa fahari. "Si ulisema tukuwekee?"

Mama akarudisha kijiko mezani. Midomo yake ilitetemeka, na mimi sikuwa nimewahi kufikiri kwamba midomo ile inaweza kutetemeka. Polepole akafunua kitambaa juu ya kiondo. Ndani, kwenye pumba za mahindi, yalilala mayai.

"Nilisema muniwekee kuku kwa mayai," akasema. "Kideri imepita kwangu. Imemaliza kuku yote, hata jogoo. Hii mayai walitaga mbele ya kuugua. Ndio imebaki. Nikasikia kwa Mwalimu kuna kuku inalalia waru, nikasema Mungu ni mwema. Na nyinyi mumemchinja."

Nilifungua mdomo kusema, lakini nilitanguliwa. Kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku kula na kujisaidia, na wangu aliichagua saa hiyo. Alitoka stoo akiwa amevimba, akilialia kwa hasira, akapita katikati ya sebule na kuanza kudonoa mukimo ulioanguka chini ya meza. Kisha akaacha kinyesi chake cha siku nzima karibu na kiatu cha mume wangu. Mwenye kukijua kinyesi hicho anajua harufu yake.

Mume wangu alimtazama kuku. Akatazama paja lililokuwa mkononi mwake.

"Sasa huyu ninayemtafuna ni nani?" akauliza.

Mama mkwe alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamdondoka. Alikuwa analia na kucheka pamoja, akinipiga mgongoni kwa kiganja, akisema maneno ya Kimeru ambayo siku ile niliyaelewa yote. Nikamweleza nilivyofanya, hadi yale manyoya ya mlangoni, akacheka upya. Halafu tukala. Jogoo alikuwa mgumu kama mpira, tukamla tu.

Nilitaka kuweka mayai jioni ile ile. Mama akakataa. "Imechoka na safari. Wacha ipumzike." Tukayaacha usiku mzima yakiwa yamesimama, ncha chini. Kesho yake tukatandika nyasi kavu kwenye boksi, tukanyunyiza jivu la kuzuia viroboto, tukayatia mayai alama ya makaa ili tujue yaliyogeuzwa. Giza lilipoingia yeye alivuta waru kutoka chini ya kuku, na mimi nikaingiza mayai nyuma ya mkono wake. Kuku alituuma wote wawili bila upendeleo.

Mama akatangaza kwamba haondoki mpaka yaanguliwe. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, lakini huyu alilitafuta mwenyewe. Nikirudi kutoka shuleni nilikuta amelima, amepika, na amelifunika boksi kwa sweta yake kwa sababu ya baridi. Jioni tulimulika mayai kwa tochi, vichwa vyetu vikigusana, tukitafuta mishipa midogo myekundu. Mengine yalikuwa matupu. Hayo aliyatoa mwenyewe, nami nikachimba shimo la kuyafukia. Nilikuwa nimeacha kumwogopa bila kujua ni siku gani.

Asubuhi moja aliniita kabla ya chai. Alikuwa amepiga magoti, yai sikioni. Akanipa. Ndani mtu alikuwa anagonga, analia kwa sauti nyembamba, anataka kutoka. Sikwenda kazini mapema siku hiyo. Kufikia jioni vifaranga walikuwa wakichungulia kati ya mabawa, wengine weusi, wengine wa madoadoa, na mama akawaita mmoja mmoja kwa rangi za kuku wake waliokufa.

Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka kwake nililala vibaya. Vifaranga walikuwa wake, na hawangeishi bila mama yao. Asubuhi nikachukua tenga, nikamtia kuku wangu na watoto wote, nikafunga vizuri na kulileta mlangoni. Moyo uliniuma, sitasema uongo, lakini nililileta.

Mama akalifungua tenga. Akawatoa wote, akawarudisha nyuma ya jiko.

"Kwangu kideri bado iko kwa udongo," akasema. "Na mimi pia nilipewa kuku na mama ya bwana yangu. Alinipa nikiwa kama wewe, sijazaa, sijui mtu. Sasa chunga."

Nikaitikia, nikamsindikiza hadi barabarani. Mume wangu aliporudi alinikuta nimekaa kando ya boksi, machozi yananitoka, na kifaranga mmoja kwenye sweta aliyoiacha mama.

"Mmegombana na mama?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, na anisogezee pumba.