Ukurasa Niliomnyima Mama Riziki

Nakumbuka siku tuliyofumua kitabu, mwanangu, na mpaka leo ule mlio wa karatasi zikiachana na uzi unanitia ganzi ya meno. Ilikuwa Wandegeya, katika shule ya jioni iliyokuwa nyuma ya duka la kuchapa karatasi. Vita vilikuwa vimepita, lakini vitabu havikuwa vimerudi. Vingine vilifungiwa karanga, vingine viliwashiwa sigiri, na kitabu cha sarufi ya Kiingereza kilibaki kimoja tu kwa watu zaidi ya thelathini. Nacho panya walishakila pembe zote, wakamaliza nambari za kurasa. Nadhani panya wa Wandegeya wanajua kuhesabu kuliko karani yeyote.

Mwalimu wetu alikuwa na njia yake. Alikata uzi, akakigawa kitabu vipande, kila mmoja akapewa chake akae nacho wiki nzima. Ukishakielewa, unasimama mbele unawafundisha wenzako, kisha kipande kinazunguka mkono kwa mkono. Mwisho wa mwaka vipande vyote vinarudi, vinashonwa, kitabu kinangoja darasa lijalo. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema, na sisi tulikuwa vidole vingi.

Mimi wakati huo nilikuwa mchukuzi katika soko la Nakasero. Nilibeba magunia ya viazi mazito kama kanisa, na kichwa changu, nikuambie ukweli, kilikuwa kizito zaidi kwa majivuno. Nilikuwa mwepesi wa kushika somo. Hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Kipande nilichopewa kilihusu vihusishi na vielezi, namna ya kuvitofautisha. Ngoja nikueleze, maana ukilijua jambo hili utanielewa nilivyokosa. Katika Kiingereza neno moja linaweza kuwa kihusishi asubuhi na kielezi mchana. Ukisema ‘ran up the hill’, lile ‘up’ limeshika mkono wa kilima. Lina nomino yake, ni kihusishi. Ukisema ‘stand up’ ukanyamaza, halina wa kulishika, ni kielezi. Hiyo ndiyo nusu rahisi, hata mbuzi wa Kisenyi angeielewa. Lakini karatasi ya mwisho ilikuwa na nusu ya pili. Lipo neno linalokaa jirani na nomino na bado si mali yake. ‘Turn off the light’: hilo ‘off’ limekaa karibu na taa, lakini kazi yake iko kwa kitenzi. Utalijuaje? Lirushe upande wa pili: ‘turn the light off’. Likikubali kuruka, ni kielezi. La kilima halirukiki. Ukilirusha, sentensi inaanguka.

Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikawaza: tukilijua wote, nitakuwa nani? Siku yangu ilipofika nilifundisha nusu rahisi, kwa mbwembwe na mikono juu, wakanipigia makofi. Karatasi ya mwisho nilikuwa nimeshaichomoa, nimeilaza chini ya godoro langu. Nani angejua, na nambari zililiwa na panya?

Sasa, darasani alikuwamo Mama Riziki, mjane kutoka mashariki ya Kongo, aliyefagia wodi katika hospitali moja upande wa Nsambya. Sista wa wodi alikuwa amemwambia kwamba akileta cheti cha Kiingereza atamwingiza kwenye kozi ya wasaidizi wa wauguzi, ila mwaka huo tu, kwa sababu mwaka uliofuata umri ungekuwa umempita. Tulijua wote. Alisoma akifua, alisoma akipika, na mikono yake ilinuka dawa ya sakafu. Mara nyingi alinisogelea na daftari, ananiuliza, “Ndugu Wafula, ni hii tu? Hakuna ingine kwa hii somo?” Nami nilimjibu kwamba ni hiyo tu, mama, somo ni fupi.

Mwanangu, uongo mfupi namna hiyo una miguu mirefu.

Karatasi ya mtihani ilipokuja, ilikuwa na orodha ndefu ya sentensi: onyesha kihusishi, onyesha kielezi. Nusu yake ilikuwa ya yale maneno yanayoruka. Nilijibu nikitabasamu. Mama Riziki, kama nilivyokuja kujua, alifuata nilichomfundisha kwa uaminifu wote, neno kwa neno, akakosa kila aliposhika nilichompa.

Matokeo yalisomwa mbele ya watu. Jina langu lilikuwa la kwanza, na nilijisikia mrefu kuliko mnara wa redio wa Kololo. Jina lake halikusomwa. Zilimpungukia alama chache tu. Alikunja daftari, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimewaheshimisha watu wa darasa letu. Nami nikaitikia asante. Nakuapia, niliitikia.

Wiki iliyofuata tulikutana kushona kitabu. Aliyeshona alikuwa mzee wetu wa darasa, Mzee Opio, mtu wa reli aliyezeeka akishona viti vya treni. Kila mmoja alirudisha kipande chake, nami nikaitia ile karatasi mahali pake nikidhani yamekwisha. Mzee alipitisha sindano, akasimama. Kurasa zote za kitabu kile zilikuwa na alama za vidole, masizi, mafuta, unga wa posho. Moja tu ilikuwa safi. Alingoja wenzangu watoke, ndipo akaniinulia ile karatasi.

“Wafula, hii imeoga wapi?”

Nilianza kuchekesha, nikasema labda panya wameilamba. Hakucheka.

“Mimi kiti ambacho hajakaa mtu nakijua kwa kukishika,” alisema. “Nenda ukamwambie yule mama mwenyewe. Mimi sitasema kwa mtu. Nikisema mimi, utakuwa umepona aibu ya kusema mwenyewe.”

Siku tatu nilizunguka. Ya nne nilimkuta nyuma ya wodi, anaanika mashuka. Nilimweleza yote, nikamtolea karatasi niliyokuwa nimeinakili kwa mkono, nikamwambia nitamfundisha kila siku, bure, mpaka azeeke. Aliendelea kubana mashuka kwenye kamba mpaka akalimaliza la mwisho.

“Mimi nilijua ni kichwa yangu ndiyo iko mbovu,” akasema. “Nilimwambia hata Riziki. Nikamwambia soma, mtoto yangu, mama yako ni mjinga, usikuwe kama yeye.” Akanitazama. “Sasa nitamwambia nini?”

Mimi niliyejua Kiingereza kuliko Waingereza, nilisimama pale kama gunia. Karatasi hakuipokea. Alichukua beseni lake akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena shule. Miaka miwili baadaye alirudi kwao na binti yake. Nilipata kazi ya ukarani kwa cheti changu. Nimekula mkate wa cheti hicho mpaka nimestaafu, na si mkate mtamu. Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu sasa ana ndevu.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe uliye mwepesi wa kuelewa. Ukifunuliwa jambo, lifundishe lote, hata ile sehemu inayokupa ukubwa. Ukimnyima mtu chakula ataona njaa na atajua amenyimwa. Ukimnyima nusu ya somo, atajilaumu mwenyewe, na huo ndio wizi usio na polisi. Ukiulizwa kama kuna zaidi, na zaidi ipo, usiseme hakuna. Na ukishakosa, wahi kusema kabla mtihani haujaja, maana maji yakimwagika hayazoleki, na samahani iliyochelewa humwokoa msemaji peke yake, tena nusu.

Nenda salama. Mola akupe akili ya kuelewa haraka na kifua kisichoficha. Akukutanishe na watu watakaokuuliza, akupe na ulimi wa kuwajibu mpaka mwisho.