Eda Ndani ya Ngome

Mume wangu aliniachia nyumba ya Shella, dada zake wawili, na ngome iliyozingirwa. Ngome hiyo ilikuwa ya mchezo wa vita vya kale, aliokuwa akicheza kwa barua pepe na mzee mmoja Mreno ambaye hatukupata kumwona. Mreno aliongoza majeshi ya Omani. Marehemu alijifungia ndani ya ngome ya Mombasa pamoja na Wareno wenye njaa. Kila Ijumaa walipelekeana amri zao.

Nilipoanza kukaa eda ya kufiwa, sikuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti bila dharura. Mawifi walinilinda kama mahabusu. Nikichungulia dirishani kumwita muuza mbaazi, mmoja wao hukohoa. Basi nikaishika simu ya marehemu, nikaendeleza vita kwa jina lake pasi na kumwambia mtu.

Mreno hakujua kitu, ila alihisi jambo. Aliandika: "Zamani ulikuwa ukitoka kupigana kila mara. Siku hizi hata lango hufungui." Juma lililofuata akawaondoa askari wake wote upande wa bahari. "Njia nyeupe. Mbona hutoki?"

Nilipandwa na hasira. Mawifi wanakula nami sahani moja na hawajaniuliza hata nimelalaje; adui ndiye aliyeona! Nikamwandikia: "Siwezi kutoka. Nimo edani."

Akanijibu kwa adabu kwamba amezisoma kanuni za mchezo mwanzo hadi mwisho, na sheria hiyo hakuiona.