Mjomba Aliyekataa Mazishi

Papa Kizito, mzee wa reli ambaye reli yenyewe ilishamsahau, hakukosa kilio hata kimoja Kalemie. Nyumbani kwake akipiga chafya hakuna wa kumwambia pole. Kwenye matanga, hata ya watu asiowajua, alipata kiti, chai na mtu wa kulalamika naye bei ya ndakala, dagaa wa ziwani. Tena alijua kulia. Wafiwa wengi hawamfikii.

Akafa Didier wa bandarini, ambako hakuna aliyemjua mzee huyu, naye akaenda kama kawaida. Sasa, kwa ukoo wa Didier maiti haitoki morge kwenda kaburini bila ruhusa ya mjomba, ndugu wa mama. Mjomba mwenyewe yuko Nyunzu, hajaonekana tangu aliponuna kwenye harusi ya Didier, akaondoka kabla wengi hawajamwona, na treni ya Nyunzu huja inapojisikia. Basi alipoingia mzee mgeni, vumbi hadi kwenye kope, analia kuliko wote, Chadrack, mdogo wa marehemu, alidhani ndiye mjomba, akamkumbatia na kumkalisha kwenye kiti chenye mto. Papa Kizito alitaka kukana. Lakini kuku alikuwa mbele yake, na watoto wanasukumana kumpa mkono, wanamwita nkambo, yaani babu. Neno likashuka pamoja na paja la kuku.

Kesho yake wakamwomba ruhusa. Akiitoa, Didier ataingia udongoni, turubai litakunjwa, naye atarudi kwenye mlango wake usiobishwa hodi.

“Bado,” akasema. “Ukoo umeumia.”

Wazee wakaelewa, maana ukoo huumia palepale panapohitaji mbuzi. Mbuzi akaja. Bado. Kikaja kitenge. Bado. Sifa zikafika sokoni: huyu ndiye mjomba wa kweli, mgumu kama mataruma ya reli.

Mwishowe mjane, Mama Mado, akamletea mwenyewe maji ya kunawa, akachuchumaa karibu.

“Papa, mujomba wa Didier nilimuona ku harusi. Ana mukono moja.”

Papa Kizito akaitazama mikono yake yote miwili ndani ya beseni.

“Nilijua tangu ulipoingia,” Mado akaendelea kwa sauti ya chini. “Nikanyamaza. Mie pia sikutaka watu watoke. Wakishamuzika, wataenda wote. Lakini Didier anaharibika kule morge, Papa. Umuache aende.”

Papa Kizito akamwacha Didier aende. Akasimama mbele ya ukoo, akasema neno la ruhusa, na safari hii alilia bila kujisikiliza.

Baada ya mazishi Chadrack na wenzake wakamsindikiza mjomba hadi stesheni, na kitenge na mguu wa mbuzi, arudi kwao Nyunzu. Wakampungia mkono, wakaondoka. Papa Kizito akakaa kwenye benchi mpaka wakapotelea sokoni, ndipo akainuka na mzigo wake.

Njia fupi ya kwake inapita mbele ya nyumba ya Mado. Lakini mjomba alikwisha kusafiri, Kalemie nzima inajua. Akazunguka kwa njia ya ziwani.