Sentensi Niliyoiruka

Wiki nzima swali moja lilininyima usingizi: ningemsomea baba barua ile yote, mambo yangefika hapa?

Tulikaa Ibra, mji wa bara, mbali na Maskati, na baba aliuza saruji na mbao tangu tuliporudi kutoka Unguja. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha sokoni. Karatasi za serikali nilimsomea mimi, mtoto wake aliyemaliza chuo. Idara ya kodi ilimtoza kwa maduka mawili, la Ibra na la Sur, ilhali la Sur alikwisha kumwachia ndugu yake. Barua ilisema asiyeridhika aanze kwenye kamati ya kodi. Sentensi hiyo niliiona. Niliogopa nimeifahamu vibaya, nikairudia mara tatu kimoyomoyo, hata baba akachoka kungoja, nami nikairuka.

"Jambo hupelekwa kwa mkubwa," alisema mbele ya wageni wake wa kahawa. "Tuliporudi, karatasi zetu za uraia tulizipata wapi? Kwa wali mwenyewe, mkuu wa mji, barazani kwake. Andika mahakama kuu."

Kumkosoa baba mbele ya wageni sikuweza. Nikaandika.

Mahakama ikaitupa rufaa. Habari ya duka la Sur majaji hawakuigusa. Walisema hawana mamlaka juu ya shauri ambalo halijapita kwenye kamati. Garini, tukirudi kutoka Maskati, baba aliniuliza wamesemaje. Nikamjibu, "Wameikataa, baba." Basi.

Jirani yetu alimpokea kwa mzaha: "Bwana we, wamekutoa hata viatu hujavua!" Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo baba hakutoka tena kunywa kahawa na wenzake. Nilimsikia akimwambia mama, "Mvi zote hizi, leo naitwa mwongo."

Hakuna aliyemwita mwongo. Hilo nilikuwa nalijua mimi peke yangu, na nilikaa nalo siku sita, nikipanga maneno na kuyapangua. Nikimwambia, aibu itamtoka. Lakini nani atamsomea barua zake tena, ikiwa msomaji wake mwenyewe huruka?

Ijumaa, baada ya chakula, nikaingia na karatasi zote mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekaa kama aliyekuja kuposa?"

Nikamsomea hukumu mpaka mwisho, kisha ile barua ya kwanza, bila kuruka kitu.

"Hii ya kamati," aliuliza, "uliiona siku ile?"

"Niliiona, baba."

Alizichukua karatasi zote mbili, akazikunja. Kisha akanisogezea kalamu yake.

Jumamosi, ofisi zilipofunguliwa, nilikuwa mbele ya dirisha la kamati na ombi la kuongezewa muda, maana ule wa kulalamika ulikwisha kupita. Penye sababu ya kuchelewa niliandika kwamba mlalamikaji hakujua, kwa kuwa mtoto wake hakumsomea barua yote. Nikatia saini yangu chini yake, nikaipitisha karatasi dirishani.