Kwaya ya kusoma ukutani

Leo nimefukuzwa kwaya! Eti kwa sababu sijui kusoma.

Mwalimu wa kwaya, msichana wa juzi, amesema siku hizi maneno ya nyimbo yanasomwa ukutani, yanatoka kwa mashine.
"Nyanya, kaa benchi la nyuma upumzike."

Mimi! Niliyeimba hizo nyimbo kule kijijini Ronge kabla mama yake hajazaliwa!

Nikakaa. Mnajua nikikaa hivyo kuna jambo.

Kwaya kufika ubeti wa pili, stima ikapotea mji wote wa Voi. Ukuta mweupe, maneno hakuna! Kwaya midomo wazi kama vifaranga.
Nikaimba peke yangu mpaka ubeti wa sita. Pasta mwenyewe alipiga makofi.

Mwalimu mbio: "Nyanya, rudi mbele!"
"Mimi nimeshakaa. Leta kwaya huku."

Akaleta!

Haya semeni, nani amefukuzwa?