Damu Iliyozungushwa Mara Moja

Mbele yake tulimwita Mama. Akitoka tu, ni Mara Mbili. Alikuwa fundi wa vipimo vya kuganda kwa damu katika maabara yetu, mwembamba, saa ya kiume mkononi, ulimi haujui kubembeleza. Kila damu aliizungusha kwenye mashine mara mbili kabla ya kuyapima yale maji ya manjano yanayobaki juu. Sisi vijana tulimcheka. Tulijiona wajuaji kweli kweli.

Siku moja akaja mdogo wangu wa kike. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka, na viungo vinamuuma. Daktari alishuku lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, akataka tujue kama damu yake inaganda ovyo. Nilimpima mwenyewe, maana sikutaka mtu mwingine amguse. Nikazungusha mara moja. Majibu yakatoka safi. Moyo ukanitulia, nikashika njia ya mlangoni kumpa habari njema.

Mara Mbili akaniwahi. "Umezungusha mara ngapi?"

"Moja, Mama."

"Damu ya mdogo wako, mara moja?"

Nilinuna, nikamwambia anapenda makuu. Alitoka hadi kwenye benchi alipokaa mdogo wangu, nami nikamsikia akisema, "Kaka yako hajaridhika, mama. Anaomba tutoe damu nyingine kidogo."

Akazungusha, akayanyonya maji ya juu, akazungusha tena. Akatia dawa, akawa anakiinamisha kichupa katika maji ya uvuguvugu, jicho kwenye saa. Sekunde arobaini, ambapo damu ya kawaida huwa imeshaganda. Sitini. Tisini, na maji bado yanacheza.

"Ndiyo yenyewe hiyo," alisema. "Mwilini inaganda ovyo, kwenye kichupa inagoma. Ukizungusha mara moja, chembe ndogo za damu hubaki humo, zikauficha ugonjwa."

Baada ya wiki kumi na mbili tulirudia, jibu likawa lile lile. Mimba ya nne mdogo wangu aliibeba kwa sindano ya kila siku ya kuzuia damu isigande.

Mpwa wangu ana miaka kumi na moja sasa. Mama yake humwambia, "Mjomba wako ndiye aliyekuokoa, alikataa jibu la kwanza." Nami huendelea na chai yangu.

Mara Mbili tulimzika mwaka jana. Namkumbuka kila nikiwasha ile mashine, na huiwasha mara mbili. Mdogo wangu alikuja mazikoni kunisindikiza tu. Alisimama kando yangu akaniuliza, "Kwani huyu mama alikuwa nani?"

Nikasema tulifanya kazi pamoja.