Shemeji Hajui Sheria, Mimi Ndiye Niombe Msamaha

Admin, ficha jina langu, maana hawa watu wako humu na wanasoma kila kitu isipokuwa sheria za raga.

Nina miaka 29, niko Kisumu. Siku za wiki nauza viatu vya mitumba Kibuye, wikendi napuliza filimbi. Ni refa wa raga. Mchumba wangu tumekuwa pamoja miaka minne, na Jumamosi hii watu wake wanakuja kwetu kwa ayie, kuniomba rasmi. Baba yao alishafariki, kwa hivyo msafara unaongozwa na kaka yake mkubwa. Huyo ndiye shida. Ni kochi. Fulana aliyochezea chuoni bado anaivaa, kitambi kinachungulia chini, na sheria anazojua ni za enzi ya hiyo fulana.

Juzi timu yake ilikuwa na mechi ya kirafiki Maseno. Refa aliyepangwa hakufika, makochi wote wawili wakakubali nichezeshe mimi. Dakika ya mwisho, timu yake inaongoza, mpira ukatoka nje karibu na laini yao ya goli. Wapinzani ndio wa kurusha. Kwa wasiojua, timu zinajipanga mistari miwili na mpira unatakiwa kupita katikati, umenyooka, huku kila timu ikimwinua mtu wake juu audake. Kochi akapiga kelele, "Msiruke! Bakini chini msukume!" Vijana wakatii. Mpira ukarushwa, ukaenda upande wa warushaji wenyewe, kweli haukunyooka. Wakaudaka, wakasukuma hadi trai, mpira ukawekwa chini nyuma ya laini ya goli. Nikaikubali, timu ya kochi ikapoteza mechi.

Wueh! Mwanaume mzima akaingia uwanjani mbio. "Haijanyooka hiyo! Wewe mama unaona na nini?"

Nikamwambia, "Kochi, sheria ilibadilika. Usipoinua mtu kuugombania, mpira usionyooka hauadhibiwi. Ni wewe uliwaambia wasiruke."

Akanicheka mbele ya watu. Ati sheria gani hiyo, ya soko la Kibuye?

Sasa anasema niliuza mechi. Mechi ya kirafiki, niiuzie nani? Na hakanyagi kwetu mpaka niandike kwenye grupu la raga kwamba nilikosea.

Yeye nimemzoea. Aliyeniua ni mchumba wangu. Jumatatu alikuja na ujumbe ameshauandika kwa simu: "Naomba radhi, sikuielewa sheria." Kazi yangu kutuma tu. Nikamuuliza, "Nikijiandaa kwa mtihani wa marefa, hilo swali si ni wewe ulinisomea?"

Akaangalia viatu vyake. "Najua uko sawa, beib. Lakini ni brathe. Andika tu yaishe."

Jamani! Miaka minne nampikia mtu asiyeweza kumwambia ndugu yake "soma". Afadhali yule wa kitambi, angalau anauamini upuuzi wake. Nikituma, hakuna atakayenipa mechi tena, na wasichana watatu ninaowafundisha urefa watachekwa kwa sababu yangu. Nisipotuma, hakuna ayie. Na aibu yangu kubwa ni kwamba huyu mwoga bado nampenda.

Mama yangu hajui lolote. Ameshaagiza samaki Usenge, ameazima viti kanisani. Leo asubuhi kapiga simu, "Nyathina, mwanangu, wageni wako ni wangapi, nijue nipike sufuria ngapi?" Nikamdanganya kwamba mtandao unasumbua.

Atapiga tena jioni. Nyinyi mlioolewa, niambieni nimjibu nini: apike au asipike?